Siku Pikapu Ilipoteremka Bila Sauti

Oili ya difu ikikaa miaka mingi hunuka kama yai viza lililomwagiwa mafuta ya taa. Harufu hiyo ilijaa uani kwetu Mgeta msimu ule wa kabichi, nilipokuwa na miaka tisa. Baba alikuwa na pikapu kuukuu, ya zamani kuliko mimi, aliyoitumia kuteremshia mboga mjini Morogoro. Kuteremka hakukuwa shida. Shida ilikuwa kurudi na mbolea: mlimani injini ililia kwa uchungu, na mara nyingi tulishuka tukasukuma kwenye tope. Wenzake wakamwambia abadilishe difu, lile bakuli la chuma la katikati ya ekseli ya nyuma lenye meno yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Alitakiwa kupata lenye meno ya mwendo wa taratibu, ambalo halikimbii lakini linapanda. Akalipata Dumila, kwenye pikapu nyingine iliyokwisha kufa, akaja nalo pamoja na fundi Shabani, mtu mpole aliyekuwa akijiimbia kwa sauti ya chini anapofanya kazi.

Ua wetu ulikuwa wa mteremko, kama nyua zote za kule. Pikapu ilisimama ikitazama bondeni, na kwa kuwa hendibreki yake ilikuwa imekufa siku nyingi, fundi aliomba mawe mawili ya mafiga akayakaza mbele ya magurudumu ya mbele. Kisha akafungua propela, ule mti mrefu wa chuma unaounganisha gia na difu, akaulaza juu ya gunia. Kazi ilichukua asubuhi nzima. Manyunyu yalipoanza, mdogo wangu Tina, wa miaka mitatu, alikuwa amechoka kuchezea usukani akalala kwenye kiti cha gari. Mama akamfunika kanga na kufunga mlango ili asilowe.

Adhuhuri difu jipya lilikuwa limeshaingia, magurudumu yamerudishwa na jeki imeshushwa. Fundi akaenda nyuma ya nyumba kunawa, propela bado iko kwenye gunia. Mama akaita kutoka jikoni, "Baba Neema, nipikie wapi? Nirudishieni mafiga yangu!" Baba akacheka. Alikuwa na furaha siku ile. "Haya, mama, yanakuja. Gari liko kwenye gia, haliendi popote." Akalisukuma jiwe la kwanza kwa mguu, akaling'oa la pili kwa mikono.

Pikapu ikaondoka. Haikunguruma wala kukwaruza. Ilikwenda kimya, kama mtu anayetoka chumbani bila kuaga. Baba aliduwaa na jiwe mikononi. Kisha akalitupa, akarukia bodi la nyuma akaling'ang'ania, nikamwona akiburutwa kwenye matope, ndala zake zimebaki juu. Mama akapiga kelele: "Mtoto yumo! Tina yumo ndani!" Gari likapita katikati ya matuta ya njegere, likavunja vijiti vya kuzitegemeza, likashuka ngazi ya kwanza ya shamba, kisha gurudumu moja likatumbukia kwenye mfereji wa maji. Likasimama limeinama. Hatua chache mbele yake palikuwa na korongo.

Mama alifika mlangoni akashindwa kuufungua. Mikono ilikuwa hewani, haitaki kugusa kitasa. Baba, amejaa tope hadi kwenye nyusi, ndiye aliyeufungua. Tina alikuwa sakafuni, macho wazi, halii. Tukamtazama, naye akatutazama. Kisha akasema, "Kiatu changu."

Fundi Shabani alikuja mbio, maji yakimchuruzika mikononi. Alipoona mafiga hayapo, akashika kichwa. "Mzee, gia hushika gari kupitia propela. Propela ile pale juu. Gia ingeshika nini?" Baba alikaa chini kwenye njegere zilizovunjika, na kwa mara ya kwanza nikamwona akilia, wazi, mbele ya mgeni.

Majirani waliivuta pikapu kwa kamba na fundi akamaliza kazi. Ilipanda milima kama tulivyoahidiwa, polepole, bila kusukumwa. Mama hakuipanda tena hata siku moja.

Sasa ninaishi mjini na gari langu hufunga breki kwa kubonyeza kitufe. Mwaka jana tulikwenda kwa wazazi, mimi na Tina, ambaye naye sasa ni mama. Mwanawe alisinzia njiani. Nilipoegesha uani, Tina akaniambia, "Mwache alale, dada, utamwamsha." Nilikuwa nimeshambeba nje, nimesimama naye kwenye manyunyu. Tina akacheka, hakumbuki chochote cha siku ile. Akanyoosha mikono ampokee. Mama, mvi zimemjaa, alikuwa mlangoni akitutazama, hacheki.

"Usimrudishe humo, Neema," akasema. "Mlete ndani."