Gauni la Kwenda Mahakamani

Watu wa mtaani walikichangia pesa chama kinachowatetea mahakamani watu waliofanyiwa uhalifu. Fundi cherehani, ambaye wote walimwita Bi Pindo, hakuwa nazo, basi akajitolea mikono: aliwashonea wanawake magauni ya kuvaa siku ya ushahidi.

"Hatuendi mahakamani kama ombaomba, mwanangu," alimwambia binti aliyechomwa shingo na mumewe. Akamshonea gauni la bluu lenye ukosi mrefu wa kuficha kovu, akaupiga nyuzi pande zote usije ukafunuka. Siku yenyewe Bi Pindo akakaa benchi la mbele mahakamani, kichwa juu.

Wakili wa mume akamkagua binti juu mpaka chini. "Mheshimiwa, huyu ndiye aliyeteswa? Mbona kapendeza! Kovu liko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Binti akauvuta ukosi, akauvuta tena. Nyuzi hazikuachia. Akaangua kilio, asiweze kusema tena. Mume akaachiwa.

Nje, wakili akamsogelea Bi Pindo kwa adabu zote. "Mama, una mkono mzuri. Umshonee na mke wangu. Ukosi uwe vilevile."