Silaha Saba za Mwalimu

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Karakana yake iko Mwankoko, kando ya barabara, na kwa miaka tisa ya ndoa nilimjua kama mtu wa mageti, madirisha na plau zilizovunjika. Akirudi nyumbani anakula, anauliza watoto wamesoma nini, analala. Sikuwa na neno. Nilijiambia wanaume wengine ndivyo walivyo, maneno yao wanayaacha kazini.

Kisha akaja mwalimu wa fizikia wa sekondari ya jirani. Binti bado, hajaolewa, anacheka kwa sauti. Alikuwa ameandika mchezo wa kuigiza kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne, mambo ya miaka ijayo, watu wanaishi kwenye sayari za mbali. Ndani yake kulikuwa na mtawala katili ambaye kila akimshinda adui anamnyang'anya silaha na kuitundika ukutani kwake. Mwalimu alitaka silaha saba, kila moja isifanane na kitu ambacho mtu amewahi kukiona.

Mume wangu alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. Hilo niliambiwa na muuza vitunguu ambaye meza yake inatazamana na karakana. Akaongeza, 'Mwenzangu, siku hizi fundi wako anacheka.'

Kesho yake nikampelekea chakula cha mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari mapajani. Mume wangu amesimama, miwani ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso, anaongea kwa mikono yote miwili.

'Huyu wa tano hakushindwa kwa nguvu,' alikuwa anasema. 'Alidanganywa. Kwa hiyo silaha yake isiwe na mkwaruzo hata mmoja.'

'Fundi, hilo sikuliwaza kabisa!' Mwalimu akaandika haraka. Aliponiona akainuka. 'Shikamoo dada.'

'Marahaba.' Ile shikamoo ilinizeesha papo hapo.

Silaha ya tano aliitengeneza kwa springi ya gari na spoku za baiskeli, zimetandazwa kama jua linapochomoza. Aliisugua kwa msasa siku nne. Mimi aliwahi kunitengenezea jiko la mkaa, tena baada ya kumkumbusha mwaka mzima.

Jumamosi moja alikwenda msibani Mungaa, akaniachia ufunguo. Nikafungua karakana, nikaifunga ile silaha kwenye kanga, nikaja nayo nyumbani na kuizamisha katikati ya gunia la alizeti. Wiki nzima alivuruga vyuma vyake akiitafuta, nami nilikuwa napika huku naimba.

'Hujaiona?' aliniuliza.

'Nitaionea wapi? Mimi najua mambo ya sayari?'

Siku ya mahafali nilivaa gauni langu la kitenge, nikakaa mstari wa pili, kwa sababu nilitaka kuwaona wakiaibika. Pazia likafunguliwa. Ukutani misumari saba, silaha sita. Mtawala aliigizwa na msichana mrefu wa kidato cha nne aliyevaa joho jeusi. Alipita akizigusa silaha moja moja, akitaja aliyeshindwa na namna alivyoshindwa. Alipofika kwenye msumari mtupu akasimama.

'Huu,' akasema polepole, 'unamngoja mtu ambaye bado hajui kwamba ameshashindwa.'

Wazazi wakapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mabati. Baada ya mchezo nilimpongeza mwalimu, maana ilibidi. Akatikisa kichwa. 'Maneno ya msumari si yangu, dada. Ni ya fundi. Alinipa jana silaha iliposhindikana kupatikana.'

Wiki mbili baadaye mume wangu alipeleka magunia kukamua mafuta. Mimi nilikuwa nimesahau, kweli nilikuwa nimesahau. Alirudi mchana, dumu la mafuta mkono huu, silaha mkono huu, punje za alizeti zimenasa kwenye spoku. Akaiweka mezani.

'Mama watoto, ulidhani nina jambo na yule binti?'

'Nilidhani.'

'Sina.'

'Najua huna. Afadhali ungekuwa nalo, lingekuwa jambo la kawaida, ningejua pa kuanzia kugomba.' Nikachomoa punje moja kwenye spoku. 'Miaka tisa, hujaniambia hata siku moja kwamba unawaza watu wa kwenye nyota.'

'Hukuniuliza.'

'Kwani yeye alikuuliza?'

Akafikiri. 'Hapana. Yeye alinisomea.'

Mwezi Januari mwalimu alihamishiwa Itigi. Alipita kutuaga, akaniletea karanga, na nikamsindikiza mpaka barabarani kama mtu mwema. Jioni ile nikamwambia mume wangu anisimulie mchezo wake wote tangu mwanzo, na hao walioshindwa mmoja mmoja. Akanisimulia. Lakini alisimulia kwa kifupi, mikono imelala mapajani, kama mtu anayesomea mteja vipimo vya geti. Nilipomuuliza yule wa tano alidanganywa na nani, alisema hakumbuki vizuri.