Neno lililosimamisha gari la Bwegera

Saa mbili asubuhi, Pélagie amesimama katikati ya ofisi mjini Uvira, simu moja sikioni na nyingine mkononi. Chai yake imeshapoa mezani. Kwenye simu ya kwanza yuko muuguzi wa zahanati ya Bwegera, huko kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Ruzizi. Kwenye ya pili yuko Toussaint, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye ameegesha kando ya barabara nje kidogo ya Sange. Hakuharibikiwa na gari. Ameamriwa asimame.

"Toussaint, usirudi nyuma. Baki pale pale, na moteri usizime," anamwambia. Kisha anahamia simu nyingine. "Déo, uniambie tena. Pole pole."

Bwegera kuna mtoto wa miaka minne, Shalom, ambaye ameshikwa na degedege tangu alfajiri. Déogratias, muuguzi, ameishiwa dawa ya kumtuliza. Gari lilikuwa tayari linamfuata, mpaka Déogratias alipotuma ujumbe wa pili ili kuharakisha mambo. Aliuandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha wanayosoma wakubwa wa shirika hili la misaada: "Crisis at Bwegera. Send car."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Uvira na bondeni kote, ukisikia mtoto "iko na crise", huulizi mara mbili. Mwili umekakamaa, macho yamegeuka, mama anapiga kelele. Neno ni la Kifaransa, ila watu wamelizoea hata hawakumbuki lilikotoka. Déogratias alidhani Kiingereza nacho kinalijua hivyo hivyo. Lakini mkuu wa usalama wa shirika, mzee mpole kutoka Scotland, aliposoma "crisis at Bwegera" aliona fujo: watu mabarabarani, milio ya risasi, vijiji vikikimbia. Akafanya alichofunzwa. Akasimamisha magari yote na kuita wenzake kwenye chumba cha mkutano.

"Ile neno haiite gari," anasema Pélagie, uso umemkunjamana. "Inaita tu mukutano."

Pélagie ni mtafsiri. Alizaliwa Kalundu, karibu na bandari, na utoto wake mwingi ukaishia kambini ng'ambo, Tanzania, ambako wazazi wake walikimbilia kukwepa vita. Kiingereza alikiokota huko, kwa walimu waliokuwa wakimbizi kama yeye. Leo ana watoto wawili na mkataba wa miezi mitatu mitatu, ambao kila ukikaribia kwisha humkosesha usingizi. Kazi yake ni kupokea simu za zahanati, kutoka bondeni hadi Bijombo milimani, na kuwaeleza wakubwa kinachotokea.

Ukimsikiliza kwa nusu saa tu utajua kwamba maneno ya dharura hayafanani hata kidogo. "Urgent", kwa mfano, ofisi hii imelichosha. Barua pepe za karatasi za choo huandikwa "urgent". Muuguzi anayetafsiri "urgence" yake kuwa "urgent" anaweza kujibiwa baada ya chakula cha mchana, na wala hakuna aliyekusudia ubaya. Ile "urgence" ya Kifaransa, inayoandikwa kwenye milango ya hospitali, kwa Kiingereza ni "emergency". Hilo ndilo linalomfanya dereva aache sahani yake.

"Kwetu tunasema tu iko mubaya," anasema. "Mutu yote anaelewa. Wao, iko na milango mingi. Ukigonga mulango yenye haiko yako, hakuna mwenye atafungua."

Kwenye simu, Déogratias amekata tamaa ya kueleza. Sauti yake inasikika mpaka kwenye viti vya wageni.

"Mama Pélagie, hali yake iko critique! Critique kabisa! Munataka niseme nini tena?"

Pélagie anafumba macho. Neno hilo nalo ni mtego. Kwa kanuni za shirika, mgonjwa aliye "critical", yaani mahututi, haondolewi bila daktari, na daktari yuko hapa Uvira, mbali sana na Bwegera. Akilitamka tu, gari litaanza kumngoja daktari. Akilificha, atakuwa amemdanganya mkubwa wake juu ya uhai wa mtoto wa watu.

"Déo, weye acha ile neno," anasema taratibu. "Usinipe jina ya shida. Unipe shida yenyewe. Unaona nini? Iko anapumua?"

"Anapumua. Haraka haraka."

"Mutetemeko unasimamaka?"

"Unasimama kidogo, unarudia. Iko na moto sana. Mama yake anamuita, hasikii."

"Unaweza kupanda naye mu gari?"

"Nitamubeba minye mwenyewe."

"Bwegera iko kelele? Bunduki?"

Déogratias anashangaa, kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi. "Bunduki? Watu biko mu mashamba, Mama. Bunduki ya nini?"

Pélagie anaingia kwenye mkutano bila kubisha. Kwa Kiingereza, anaeleza kwamba Bwegera watu wanalima mpunga wao kwa amani. Kwamba kuna mtoto mmoja, anapumua, ana homa kali, degedege inamwachia na kumrudia, na muuguzi atasafiri naye. Mzee wa Scotland anamuuliza kama hali ni "critical".

"Sijui neno lake ni lipi," anajibu. "Nimekupa anachokiona muuguzi. Neno chagua wewe, lakini chagua sasa."

Wote wanamtazama. Mzee anavua miwani, anaifuta kwa shati, halafu anachukua simu yeye mwenyewe. "Emergency," anamwambia Toussaint. "Go."

Halafu ni kungoja, na kungoja huku hakuna anayekulipia. Pélagie anarudi mezani. Anasema wazi kwamba anaogopa: amewahi kutafsiri simu ambazo mwisho wake ulikuwa kilio, na kilio, anasema, hakikuhitaji mtafsiri.

Mchana simu inalia. Ni Ernestine, mama wa Shalom, anapiga kutoka hospitali. Malaria ilikuwa imempanda mtoto kichwani. Amechomwa sindano, degedege imeacha, na sasa amefumbua macho, analia anataka wali.

"Ni weye njo ulisema na bazungu?" anauliza Ernestine. "Mungu akubariki, dada. Minye nilisema mutoto ameisha."

Pélagie anaitikia amina na kuweka simu mezani. Anafuta machozi kwa kanga na hajali nani anamwona.

Sasa anataka jambo moja. Anataka kuzunguka zahanati zote, akae na wauguzi na kuwaambia kile alichomwambia Déogratias: waache kuokoteza maneno ya Kiingereza, waseme wanachokiona, kwa Kiswahili chao, na kazi ya maneno wamwachie yeye. Ameshaandika ombi. Limerudi na jibu la heshima kwamba wazo lake ni "important", nalo litajadiliwa robo ya mwaka ijayo.

"'Important'," anasema, akicheka bila furaha. "Ile njo neno ya kitu yenye haitafanywa."

Jumamosi hana zamu. Amepanga kupanda basi dogo linalopitia Sange, aanzie Bwegera, na Jumamosi nyingine aende mbele zaidi, mpaka afike Bijombo. Hakuna aliyemtuma. Mzee wa Scotland alipopata habari, alimwambia angeweza kungoja ruhusa.

"Nilimujibu, minye naweza kungoja," anasema Pélagie, akijifunga kanga yake upya. "Lakini mutoto mwenye atashikwa kesho, yee hajue kama siye tuko mu mukutano."