Siku Jezi Zetu Zilipochuja

Mwezi uliopita ofisini walituletea kifurushi cha jezi za majaribio, za timu ya wasichana ambayo mimi ndiye niliyeichorea nembo na kuichagulia rangi. Nilipochana nailoni, ilinipanda puani ile harufu ya nguo zilizokaa zimebanwa muda mrefu, harufu ya dawa na safari. Wenzangu walianza kuzipiga picha kwa simu. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika soko la Kibuye, Kisumu, niko chini ya turubai la mama yangu, namtazama akikata mikanda ya beli la mitumba.

Mama aliuza mitumba, na watu wa biashara ile wanajua kwamba beli likifunguliwa, kazi ya kwanza ni kuchambua kamera. Kamera ndizo nguo safi kabisa, zisizo na doa wala kifungo kilichong'oka, na ndizo zinazorudisha gharama ya beli zima. Kamera za Mama hazikuguswa na mtu. Hata mimi, kitinda mimba wake, nilizishika kwa macho tu.

Nilipenda vitu viwili: kuchora na mpira. Kuchora hakukumsumbua Mama. Mpira aliutilia sharti. "Nyathina, mtoto wangu, cheza," aliniambia. "Lakini siku mpira itaniletea aibu, siku hiyo imeisha." Na uwanjani hakuja. Tulicheza Jumapili alasiri, siku ambayo Kibuye hufurika watu, kwa hiyo nilimwelewa. Iliniuma hata hivyo, hasa nilipowaona mama za wenzangu wamejikalia kwenye nyasi, mdomo huohuo unashangilia na kutafuna njugu.

Timu yetu iliitwa Mbuta, kama yule samaki wa ziwani, na mbunifu wake nilikuwa mimi. Jezi hatukuwa nazo, tulikuwa na mashati meupe ya shule yaliyochakaa. Nikakumbuka buluu, ule unga wa kutia kwenye maji ya kusuuzia ili nguo nyeupe isiwe ya manjano. Niliwaza hivi: kama chembe kidogo hulifanya shati liwe jeupe, basi pakiti nzima italifanya liwe buluu. Msinicheke, wazo lilifanya kazi. Kila tulipofua tulichovya upya, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa kiangazi, adui wetu pekee alikuwa jasho. Tulirudi nyumbani na kwapa za buluu, tukijiona timu ya taifa.

Fainali tulipangiwa wasichana wa Otonglo, na wao walivaa nyeupe. Kipindi cha pili kilikuwa hakijachanganya vizuri mvua ilipotoka ziwani, ile mvua ya Kisumu isiyobisha hodi. Nilitazama miguu yangu nikaona soksi zimegeuka buluu. Kisha nikamtazama Akinyi, kapteni wetu. Shati lake lilikuwa jeupe kuliko siku liliponunuliwa. Buluu ilikuwa imerudia kazi yake ya siku zote.

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Refa wetu, Bwana Okoth, fundi wa baiskeli, mtu wa haki lakini asiye na subira, alipuliza filimbi.

"Sasa mimi nitajua aje nani ni wa wapi? Nyinyi wote ni nyeupe. Tafuteni nguo ingine, ama Otonglo wanachukua kikombe."

Akinyi alianza kumbembeleza. Kabla hajamaliza, nilimwona Mama anaingia uwanjani, amelowa chepechepe, na furushi kichwani. Aibu ndiyo hii, nikajiambia, na mpira wangu ndio umeisha.

Alitua furushi akalifungua. Ndani mlikuwa na fulana za manjano, kamera tupu, alizokuwa amemwekea mteja wa Asembo Bay aliyetaka sare za kikundi chake cha akina mama. Kifuani zilikuwa na picha ya jino kubwa linalocheka, tangazo la daktari wa meno wa nchi ya mbali, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua.

"Mama, si hizi ni za mteja?"

"Vaeni. Mnaangalia nini?"

Tulivaa. Tulifungwa bao moja, na hadi leo kuna watu Kibuye wanaoniita Meno. Tope la uwanjani halikutoka lote, na mteja wa Asembo Bay alizikataa fulana. Mama hakulizungumzia hilo. Juma zima nilisubiri aniambie mpira umeisha, naye hakusema, nikadhani amesahau. Na jinsi alivyofika upesi vile sikujiuliza. Habari mbaya haina breki, nilijua hivyo.

Basi mwezi uliopita nilimpelekea Mama mojawapo ya zile jezi za majaribio. Aliinyoosha mbele yake, akaigeuza mgongo, akakunja uso.

"Namba mbona ni kidogo hivi? Mtu akisimama kule kwa posho mill, ataona aje mtoto wake?"

"Posho mill gani, Mama?"

"Ile ya kusaga unga, kona ya uwanja. Si ndiyo nilikuwa nasimama kila Jumapili. Nilikuwa namwachia jirani yangu wa soko, Min Otieno, meza, nakuja kidogo. Macho yangu haikuwa mazuri, lakini nilikuwa naangalia wale wa buluu, nakutafuta ndani yao mpaka nakuona. Siku hiyo ya mvua buluu iliisha, nikakupoteza. Nikakimbia kuleta rangi ingine."

Alinirudishia jezi, akaendelea kuchambua mboga zake. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimtafuta kwenye nyasi, kati ya mama waliokaa.

Nimeikuza namba mpaka imejaa mgongo mzima. Mteja aliyeagiza jezi ameniuliza ya nini kubwa hivyo, maana inaharibu mchoro. Nimemjibu kwamba kuna watu husimama mbali.