Kitambaa cha Televisheni

Leo asubuhi nimefungua sanduku la mama, na harufu ya mafuta ya taa ikanipiga usoni. Ilitoka kwenye kile kitambaa chake cha kufuma, kilichokuwa kikifunika televisheni yetu pale Dagoretti Corner.

Jioni moja, wiki ile tuliyomzika dada yangu mchanga, tulikuwa tunatazama tamthilia. Tajiri mmoja, kifua kipana kama mlango, alipiga magoti kwenye kaburi dogo akalia hadi kamasi zikamtoka. Mama aliacha kukata mboga za sukuma. Baba akainuka, akateremsha kitambaa juu ya kioo.

"Huyo si mwanaume," akasema.

Lakini hakuzima. Yule mtu aliendelea kulia chini ya maua ya uzi.

"Baba watoto, mwache alie," mama akasema. "Angalau yeye anamlilia mtoto wake."

Baba akatoka nje, akaosha gambuti zake za mpira ambazo tayari zilikuwa safi.

Kesho tunamzika mama. Baba yuko kwenye kochi, ananitazama nilivyokishika kitambaa.

"Kunja hiyo kitu," anasema.

Ninakikunja, kona kwa kona, macho yangu makavu kama yake.