Niliwajengea perege kivuli Rungwe kwa kuogopa joto la bahari ya Tanga

Wakuu, habari za mchana. Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijakitia chumvi, ingawa sehemu kubwa inaonyesha ujinga wangu. Mkicheka ni haki yenu.

Mimi ni mtu wa Lupepo, Rungwe. Kazi yangu ni kutunza kitalu cha miche ya chai. Mche mchanga wa chai haupendi jua kali, kwa hiyo kitaluni tunajenga vichanja vya nguzo na nyasi juu yake. Miaka yote mkono wangu umezoea hivyo: kitu kikiwa kichanga, kifunike.

Kumbukeni hilo, mbele mtalihitaji.

Mwaka jana nilimwomba baba kipande cha shamba la migomba, kule bondeni karibu na kijito, nichimbe bwawa la samaki. Kwa Mnyakyusa kung'oa migomba ili uchimbe shimo si jambo dogo. Mzee alilifikiria wiki nzima.

Kisha akasema, "Chukua. Ila samaki wakifa, shimo nalifukia, narudisha migomba yangu. Na usiniombe tena ardhi."

Mimi ni mtoto wa mwisho. Kaka zangu walishagawiwa, kilichobaki ni hicho kipande. Mjue nilikuwa nacheza na nini.

Nikaleta vifaranga vya perege kutoka Kyela, kule chini kwenye joto. Walianza vizuri. Ukigonga debe wanakuja juu kugombania pumba. Mzee naye akaanza kushuka bondeni kila siku, akijifanya anakagua migomba.

Sasa hapa anaingia shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yuko Tanga, anapeleka wageni kuogelea kwenye matumbawe na kuona samaki wa rangi. Siku moja alinitumia voice note ndefu, sauti imepoa.

Alisema maji yamekuwa ya moto, matumbawe mengine yamepauka yakawa meupe. Samaki wengine wameshuka kwenye kina kutafuta ubaridi, wengine wamehama kabisa. Wataalamu aliowapeleka baharini walimwambia wapo wanaozaliwa kwenye maji ya moto wakayavumilia kuliko wazazi wao, ila si aina zote, na wengine wanabaki wadogo wa umbo.

"Shemeji, samaki anajifunza," akamaliza, "lakini joto linamwacha nyuma."

Wakuu, nilikosa raha. Nilitazama kibwawa changu, maji yanafika kiunoni. Nikajiambia kama bahari nzima inapata moto, hawa wangu si watakuwa supu?

Kesho yake nikaanza kujenga. Nguzo, fito, nyasi, majani ya migomba juu. Kichanja safi kabisa, kimefunika bwawa zima. Mzee alikizunguka akakisifia, "Ndaga, asante mwanangu. Sasa umewapa nyumba."

Nilivimba kichwa, sitaki kuficha.

Ilikuwa mwezi wa sita. Anayeijua baridi ya Tukuyu, hapa kwetu Rungwe, mwezi wa sita ameshashika kichwa hapo alipo. Ukungu hadi saa tano, watu na masweta mawili mawili. Mimi nimevaa koti, nawazuia samaki wasipate jua.

Ndani ya wiki mbili wakaacha kuja. Nagonga debe, kimya. Pumba inaelea mpaka inachacha. Asubuhi moja nikakuta wanne wameelea. Nikafikiria sumu, nikafikiria wezi, nikaanza hata kumtazama vibaya jirani yangu wa watu ambaye hajanikosea lolote.

Niliporudi kutoka kazini nikamkuta mzee kando ya bwawa na jembe. Pembeni amelaza machipukizi sita ya migomba, tayari kwa kupandwa.

"Nakupa mpaka Jumapili," akasema. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Nikampigia shemeji, nikamweleza yote mpaka kichanja. Akaniuliza, "Huko kwenu sasa hivi watu wanavaa nini?"

"Makoti."

"Na samaki wako umewavalisha nini?"

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Samaki hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata maji. Wale wa matumbawe wameishi karibu na mwisho wa joto wanaloliweza, ndiyo maana likizidi kidogo tu wanataabika. Wangu wamezaliwa Kyela, shida yao ni baridi. "Wa kwetu wanashuka kukimbia moto, wako wameshuka kukimbia baridi. Hawajaisha hao. Bomoa paa."

Nilibomoa siku hiyo hiyo, mzee ananitazama. Halafu ukungu ukakaa siku tatu mfululizo. Wakuu, sijawahi kuliombea jua kama siku zile, na mimi ni mtu wa chai.

Jumamosi likatoka. Tulipotoka kanisani Jumapili nikashuka bondeni na nguo zangu za ibada, mzee nyuma yangu. Saa nane hivi nikagonga debe. Kimya. Nikagonga tena, na upande wa kina maji yakatikisika. Mdomo mmoja, miwili, kisha bwawa zima likawa linachemka kwa samaki. Nilikaa chini kwenye tope na suruali yangu nzuri, nikalia kidogo. Raha ile siwezi kuieleza.

Nilipogeuka mzee hayupo, na machipukizi hayapo. Nikampata juu ya mteremko anachimba mashimo, mbali na bwawa.

"Nimepanda huku," akasema bila kuinua kichwa, "kivuli kisifike kwa samaki wako."

Samaki wako. Ndivyo nilivyopata ardhi.

Nilichojifunza: habari ya shemeji ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya maji yake. Mimi niliichukua nzima nzima bila kuuliza maji yangu yana shida gani.

Nilimpigia kumshukuru. Akafurahi, akacheka, halafu akasema, "Bahati yako, shemeji. Wewe ulikuwa na paa la kubomoa."

Wenye mabwawa sehemu za baridi, mnafanyaje mwezi wa sita? Na mlioko Tanga, samaki wa kwenye matumbawe mnawaonaje siku hizi? Semeni kitu, nasoma komenti zote.