Jumba Lililopanda Bila Hodi

Diwani wetu wa Kisauni anajenga jumba la ghorofa. Hiyo si habari. Habari ni kwamba jumba hilo linachungulia uani kwa bibi mmoja jirani, na huko uani ndiko anakooga.

Katika mkutano wa mtaa bibi aliinuka, akajitanda leso yake vizuri. "Mwanangu diwani, hata mkwezi hupiga hodi kabla hajapanda mnazi, ili sisi wa chini tujistiri. Jumba lako limepanda bila hodi."

Watu walicheka, na uchaguzi u karibu. Diwani akaapa mbele ya wote: "Wallahi, bibi, tangu leo hapandi mtu kule bila hodi. Hata mimi!"

Juzi nilipita pale nikamkuta na suti yake, ameleta wakubwa wa manispaa waone jengo. Alipokanyaga ngazi tu, mafundi wote waliokuwa pale chini waliacha kazi wakamkodolea macho. Akakohoa. "Hodi juu!"

"Ngoja!" bibi alijibu kutoka uani. "Naoga!"

Wakangoja. Jua la saa saba likawachoma, wageni wakajipepea kwa ramani za jengo.

"Bibi, bado?" diwani aliuliza, kwa adabu ambayo sijapata kumsikia nayo.

"Bado, mwanangu. Ndiyo kwanza najipaka sabuni."

Mimi nimewahi kukalia benchi la ofisi yake tangu asubuhi mpaka mlango ukafungwa, naambiwa mheshimiwa yumo mkutanoni. Bibi, taratibu. Na visigino usivisahau.